Pendulamu ya Skrini na Somo la Vurugu

Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya upili mjini Kisumu huzoea pendulamu yenye adabu: uzi, kipande cha chuma, saa ya kupimia muda, na kanuni inayohusisha muda wa kuyumba na urefu wa uzi, mradi pembe iwe ndogo. Ukining'iniza pendulamu ya pili chini ya ile ya kwanza na kuziachia kutoka juu, adabu hiyo huisha, na hapo ndipo programu za uigaji, yaani zinazoiga mwendo huo kwenye tarakilishi, zinapodai nafasi darasani kwa ajili ya kufundisha nadharia ya vurugu: elimu ya mifumo ambayo tofauti ndogo mno mwanzoni huzaa tofauti kubwa baadaye.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Hakuna mkono unaoweza kuachia jozi mbili za pendulamu zikitofautiana kwa sehemu moja ya elfu ya digrii, lakini kwenye skrini hilo ni suala la kuandika namba mbili. Kwa sekunde kadhaa jozi hizo huenda sambamba, kisha huachana kabisa. Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Marekani, alikutana na jambo kama hilo mwaka 1961, alipoiingizia tarakilishi iliyokuwa ikiiga hali ya hewa namba 0.506 badala ya 0.506127 na kupata hali ya hewa tofauti. Kijana wa kando ya Ziwa Victoria, anayejua jinsi ngurumo za huko zinavyoweza kuwahadaa watabiri, hahitaji kushawishiwa kwamba jambo hilo lina maana. Isitoshe, anayeburuta pembe mwenyewe hugundua kwamba kwenye pembe ndogo vurugu haionekani, jambo ambalo video peke yake humfichia.

Hoja nzito ya upande wa pili inahusu ukweli wa kinachoonyeshwa, hata tukiweka kando uhaba wa vifaa. Tarakilishi hukata muda vipande vidogo, hukadiria, kisha huhifadhi kila namba kwa tarakimu zipatazo 16. Katika mfumo ambao kosa dogo huongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi, kosa la ukadiriaji nalo hukua vivyo hivyo, hata mchoro ule maridadi ukaacha kuwa njia ambayo pendulamu hiyo ingepita. Mbinu ya Euler, njia ya kukadiria mwendo hatua kwa hatua iliyo rahisi kuiandika, huweza hata kuzalisha nishati isiyotoka popote. Mwanafunzi asiyeelezwa haya ataiamini skrini kupita kiasi, au atadhani vurugu ni bahati nasibu, ilhali kila hatua inatawaliwa na kanuni za Newton.

Kwa maoni yangu, dosari hiyo ndiyo sehemu bora ya somo, ila waalimu wengi wataipita. Uigaji uleule uendeshwe mara mbili kwa pembe zilezile huku vipande vya muda vikibadilishwa, na wanafunzi watafute michoro inaachana lini na kama jumla ya nishati imebaki ilivyokuwa. Shule inayolazimika kuchagua ianze na pendulamu ya mbao na beringi kuukuu, ambayo fundi wa jua kali wa Kibuye anaweza kuiunda: msuguano wake huificha hesabu, lakini mwanafunzi anayeiachia tena na tena kutoka alama moja hatakuwa na programu ya kuilaumu pendulamu hiyo inapokataa kurudia mwendo wake.