"Furahini" Ina "-ni" Mwishoni

Jumanne jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, waimbaji wa kwaya yetu huingia mmoja mmoja katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na nitakuwa mwongo nikisema kwamba huingia wakiwa na furaha. Dada mmoja wa sauti ya pili hutoka kazini Kariakoo na huwa amesimama kwenye daladala njia nzima. Mwingine amemwacha mtoto nyumbani na homa. Mimi mwenyewe, mara nyingi, nafika nikiwa nimekwisha kutunga njiani udhuru mzuri wa kutofika. Mwalimu huandika solfa, zile noti za do, re, mi, ubaoni kwa chaki, hugonga ukingo wa meza kwa ufunguo wa nyumba yake, nasi tunaanza kujifunza sauti moja moja. Besi, wanaume wa sauti nzito, hukosea, tunarudia. Besi hukosea tena, na sauti ya kwanza huanza kucheka kichinichini. Kiasi cha saa moja baadaye, sauti nne zinapounganishwa kwa mara ya kwanza bila kukwaruzana, kuna kitu kinapita mle chumbani ambacho sijui nikiite nini isipokuwa furaha, na ajabu yake ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuja nacho.

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba furaha ya Mkristo ni mali ya moyoni, ambayo kila mtu huja nayo kanisani kama anavyokuja na sadaka yake kwenye bahasha, na kwamba asiyekuwa nayo ana kasoro fulani ya imani. Siku hizi siamini hivyo. Naona kwamba tumeisoma vibaya amri yenyewe, ingawa lugha yetu imetuwekea maana yake mahali pa wazi kabisa.

Mtume Paulo, katika Wafilipi 4:4, anasema: "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini." Asomaye kwa Kiingereza cha leo hana njia ya kujua kutokana na kitenzi peke yake kama anayeambiwa ni mtu mmoja au ni watu wengi. Sisi hatuna tatizo hilo. Ile "-ni" ya mwishoni inatuambia kwamba barua ile ilisomwa mbele ya watu waliokusanyika, na kwamba furaha inayoamriwa ni ya kundi. Ukiifungua Zaburi ya 100 unakuta mambo ni yale yale: mfanyieni, mtumikieni, njoni. Hata kitabu cha nyimbo ambacho sisi Walutheri wa Tanzania tumekibeba kwapani kwa miaka mingi kinaitwa Mwimbieni Bwana, na sijapata kumsikia mtu akikiita Mwimbie.

Najua msomaji makini atanipinga kwa nabii Zekaria, anayesema kwa umoja, "Furahi sana, Ee binti Sayuni." Lakini binti huyo ni mji mzima. Pingamizi la Habakuki lina uzito zaidi. Yeye anasimama peke yake, mtini haujachanua, mizabibu haina matunda, zizi halina ng'ombe, na bado anasema kwa nafsi ya kwanza umoja kwamba atamfurahia Bwana. Kwa muda mrefu niliichukua sura ile kuwa ushahidi kwamba furaha ni jambo la mtu na Mungu wake tu, mpaka nilipousoma mstari wake wa mwisho kwa utulivu: maneno yale yanakabidhiwa kwa kiongozi wa waimbaji, yaimbwe kwa vinanda. Mtu aliyebaki bila kitu aliyapeleka maneno yake kwenye kwaya. Nami nadhani alijua kwamba angeyabeba peke yake yasingefika mbali.

Ndiyo maana huwa nasikia uchungu kidogo ninapoona jinsi tunavyoitafuta furaha hii katika ibada zetu za mjini. Mwaka mmoja, mhubiri mgeni, ambaye sina haja ya kumtaja, alisimama mbele yetu akatukaripia kwa dakika nzima kwa kuwa nyuso zetu hazikuchangamka. Akatuamuru tugeuke, tutabasamu, tumwambie jirani kwamba tuna furaha. Tulitii, maana Walutheri ni watu watiifu, lakini mama aliyekuwa kulia kwangu alikuwa amezika mjukuu wiki ile, na tabasamu alilonipa sijalisahau hadi leo. Furaha haiji kwa kukaripiwa. Haiji pia kwa kuongeza sauti ya spika. Najua kwamba hapa naanza kusema kama mzee, lakini spika zinapofika kiwango ambacho mtu hasikii sauti ya jirani yake wala yake mwenyewe, na vijana watano wenye maikrofoni wanaimba huku mia tatu tuliobaki tukiwatazama na kuwapiga picha kwa simu, ile "-ni" imekwisha kuanguka. Waliobaki tumekuwa watazamaji wa furaha ya watu wengine.

Nisieleweke kwamba natetea nyimbo za polepole dhidi ya mapambio. Pambio zuri ni mojawapo ya vitu vya haki kuliko vyote katika kanisa la Afrika Mashariki: halihitaji kitabu, halihitaji kujua kusoma, kiongozi anatupa mstari na wote wanaudaka, na bibi asiyeona anaingia sawasawa na mhasibu. Kwa upande mwingine, nimekaa katika ibada za heshima tele ambamo tenzi ziliburutwa kama gunia la mahindi, kila mtu akiimba ndani ya kola ya shati lake. Swali langu ni moja tu: je, wote wanaimba, na je, wanasikiana?

Pengine nafikiri hivi kwa sababu furaha ya kwanza ya ibada ninayoikumbuka haikuwa ndani ya kanisa. Ilikuwa nje, chini ya mti, katika mnada wa mavuno huko Kagera nilikokulia. Baada ya ibada, vitu vilivyotolewa madhabahuni vilihamishiwa uani: mikungu ya ndizi, debe za maharage, kahawa, kuku waliofungwa miguu kwa kamba za migomba mikavu, na katika msimu wake, senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye makopo. Bibi mmoja jirani yetu alileta yai moja. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliliinua juu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kito, akaanza kuusifu ukoo wake, kuku aliyelitaga, na jogoo aliyehusika, mpaka watu wakawa wanajifuta machozi ya kicheko. Lilinunuliwa, mnunuzi akalirudisha mnadani. Likanunuliwa tena, likarudishwa tena. Sikumbuki lilizunguka mara ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba aliyelinunua mwisho alivuka uwanja, akapiga goti mbele ya yule bibi na kumrudishia mikononi, na kwamba yai lile lilikuwa limeingiza fedha nyingi kuliko kuku yeyote wa siku ile. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Kila ninapoona kwenye kioo cha gari kibandiko chenye maneno ya Nehemia 8:10, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu, namkumbuka yeye. Wengi tunakinukuu kipande kile cha mwisho na kuacha kilichotangulia. Watu walikuwa wanalia baada ya kusomewa torati, na kabla ya kuambiwa habari ya furaha waliambiwa waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yake yule ambaye hakuandaliwa kitu. Chakula kiligawanywa, na furaha ikatajwa katika pumzi ile ile.

Ninaandika haya karibu na Pasaka, na Pasaka kwetu haitimii bila wimbo mmoja. Wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910 wakiwa na nyimbo za Kijerumani, na babu zetu walizipokea, wakazifasiri, wakazipenda kwa dhati. Kisha mwaka 1966 Mtanzania mwenzetu, Bernard Kyamanywa, akaandika kwa Kiswahili "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya huku huku kwetu. Mwalimu wa sarufi angeweza kunung'unika kwamba ilipasa kuwa "furahini" ama "mfurahieni", lakini ulimi ukishaonja mapigo yale hausikilizi sarufi. Mmisionari Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, aliutia katika Kiingereza, na mwaka 1969 Ulrich Leupold akautia katika Kijerumani. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, na asubuhi ya Pasaka wajukuu wa wale waliotuletea nyimbo zao wanaimba wa kwetu. Jambo hilo hunipa fahari, nakiri, na sioni kwamba fahari hiyo ni dhambi. Ila ninachokipenda zaidi ni kiitikio chake, kwa kuwa kinasema "sote".

Neno hilo nilikuja kulipimia uzito mwaka ambao baba yangu alifariki ndani ya Kwaresima. Tulimzika shambani kwake, kati ya mibuni aliyoipanda mwenyewe, nikarudi Dar es Salaam kwa basi siku mbili kabla ya Pasaka, miguu imevimba. Jumapili nilivaa sare ya kwaya kwa sababu tu ilikuwa imepigwa pasi na kuning'inizwa mlangoni. Tuliposimama kuimba wimbo ule, nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Sikuwa nalia, sauti haikuwepo tu, kama bomba ambalo maji yamekatwa. Waimbaji waliendelea. Sikuona kwamba ilikuwa haki waendelee, na kwa beti nzima ya kwanza niliwachukia kidogo.

Jirani yangu katika besi ni fundi seremala, mzee kuliko mimi kwa miaka ishirini, ambaye hasomi solfa na hujifunza kila wimbo kwa kusikiliza. Hakunitazama. Alikisogeza kitabu chake mpaka kikafika mbele yangu, akaweka chini ya maneno kidole chake cha shahada, chenye kovu refu la msumeno, akawa anakitembeza taratibu, silabi kwa silabi, huku akiimba karibu na sikio langu kwa sauti yake ya kukwaruza. Nilikifuata kidole kile kwa macho. Katika Matendo ya Mitume 16 imeandikwa kwamba Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza. Siku ile nilikuwa miongoni mwa hao wengine, nami siwezi kusema kwamba kusikiliza tu ni kazi ndogo. Kwenye ubeti wa tatu, koo lilifunguka. Nilitoa noti tatu au nne za besi, si zote sahihi, na kifua kikaniuma kwa namna ambayo sikutaka iishe. Baba alikuwa bado amekufa, nami nilikuwa nafurahi, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kusukumana.

Kidole hakikuondoka hadi "Haleluya" ya mwisho. Kisha mzee akafunga kitabu, akanong'ona, "Haya, mwanangu, kaa," tukakaa.

Jumanne iliyofuata, mazoezini, mwalimu alitulalamikia kwamba besi ya Pasaka ilikuwa nyembamba mno kwenye beti mbili za kwanza, akataka kujua ni nani hakuwa anaimba. Fundi akasema ni yeye, kikohozi.