Je, Uhai Ulianzia Katika Maji ya Moto?

Katika miaka ya 1960, mwanabiolojia Thomas Brock alikuta katika chemchemi za majimoto za Yellowstone, nchini Marekani, nyuzinyuzi za rangi ya waridi zikipepea ndani ya maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi. Zilikuwa bakteria, tena walio hai. Baadaye jeni za viumbe zilipolinganishwa, jamaa zao wa jenasi ya Aquifex walionekana kuchipuka karibu na shina la mti wa ukoo wa bakteria, jambo lililowapa nguvu wanaoamini kwamba uhai ulianzia kwenye joto kali na kwamba wapenda joto hawa ni masalia ya wahenga wetu wa mwanzo kabisa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Matundu ya majimoto yaliyogunduliwa chini ya bahari mwaka 1977 hutoa kemikali zinazowapa vijidudu nishati pasipo mwanga wa jua, na mmoja wao, arkea (kundi la vijidudu walio tofauti na bakteria) aitwaye Methanopyrus kandleri, ameweza kuongezeka maabarani katika nyuzi 122.

Lakini mbinu za wapenda joto za kustahimili joto zenyewe zinaitia shaka hoja hiyo. Joto hukunjua protini, hulegeza utando wa seli na huachanisha nyuzi mbili za DNA, na kila pigo linahitaji kinga yake. Protini za wapenda joto hushikiliwa kwa wingi wa chaji zinazovutana; katika arkea wengi, mafuta ya utando yameungana kutoka upande mmoja hadi wa pili, hivyo hayaachani. Wanaoishi kwenye joto la juu kabisa wana pia kimeng'enya kiitwacho jairesi geuzi, kinachokaza msokoto wa DNA. Mwanabiolojia Patrick Forterre alieleza kwamba kimeng'enya hiki ni muungano wa helikesi (aina ya protini inayofungua nyuzi za DNA) na topoisomeresi (inayobadilisha msokoto wake), protini mbili ambazo lazima ziliwahi kuwapo kila moja peke yake. Kwa maoni yangu hoja hii ina nguvu sana, kwa kuwa inaonyesha viumbe waliokwisha kuendelea kabla hawajaipata kinga hii ya joto. Kemia nayo inaiunga mkono: katika nyuzi 100, nusu ya sitosini, mojawapo ya herufi za DNA, huharibika ndani ya siku 19 hivi.

Hata hivyo, tusichanganye maswali mawili. Mhenga wa mwisho wa pamoja wa viumbe vyote vilivyopo leo huenda aliishi kwenye joto, ilhali uhai wenyewe ulianza zamani zaidi, mahali penye ubaridi. Wala kuyakataa maji yanayochemka si kuyakataa matundu ya bahari: yale ya Lost City katika Atlantiki, yaliyogunduliwa mwaka 2000, hutoa maji ya nyuzi 40 hadi 90 yenye haidrojeni tele, na pembezoni, yanapokutana na maji ya bahari, joto hushuka zaidi.