Kidonda cha Buruli na ardhi tunayoigeuza

Ugonjwa huu una jina la mahali ambapo siku hizi ni nadra kuuona. Buruli ilikuwa kaunti ya Uganda, jirani na Mto Nile, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Nakasongola. Miaka ya 1960 wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ngozi walijitokeza huko kwa wingi, hata jina la kaunti likawa jina la ugonjwa. Wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, daktari mmisionari wa Hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika habari za vidonda vya namna hiyo mwaka 1897, na mwaka 1948 madaktari wa Australia walimweleza bakteria anayevisababisha, Mycobacterium ulcerans, ambaye yuko katika ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Kilichoshtua Buruli ni idadi. Kisha idadi ile ikapungua, na leo mzigo mkubwa uko Afrika Magharibi na ya Kati.

Kwa nini ugonjwa uje mahali, uharibu, halafu uondoke? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ardhi: misitu inafyekwa, mabonde yanalimwa, mito inazibwa, na vidonda vinafuata nyuma. Jibu hilo nalikubali nusu. Nusu ya pili inanitia wasiwasi, kwa sababu likimezwa zima zima litamwangukia mkulima wa mpunga ambaye hana bonde jingine la kuhamia.

Tuanze na mgonjwa. Huanza na uvimbe mdogo chini ya ngozi, mara nyingi mguuni au mkononi, na hauumi. Bakteria huyu hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, inayoua seli, inayolaza kinga ya mwili na kufifisha maumivu. Ndiyo maana mtu hukaa nao wiki kadhaa akidhani utapoa wenyewe, mpaka ngozi inapofunguka na kidonda kutambaa chini kwa chini, kipana kuliko kinavyoonekana juu. Barani Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Wachache hufa. Wengi hubaki na makovu yanayokaza viungo, goti lisilonyooka au vidole visivyofunga, na hiyo kwa mtoto ni miaka mingi sana ya kuishi nayo.

Upande unaoilaumu ardhi una ushahidi wa kweli, na wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha maji ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na Nile ikafurika kwenye vinamasi vyake. Watafiti wa wakati huo waliona kwamba wagonjwa wameongezeka karibu na mto baada ya mafuriko hayo. Katika kipindi hichohicho wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi Kinyara, magharibi mwa Uganda, na ugonjwa ukawakumba. Walipohamishiwa kwingine, wagonjwa wapya walipungua. Naiona Kinyara kuwa somo kubwa kuliko mafuriko yenyewe. Mvua haikupangwa na mtu, ila kuwaweka watu kando ya vinamasi kulipangwa, na kuwahamisha pia kulipangwa.

Tangu hapo ramani zimeongezeka. Côte d'Ivoire, vidonda vimehusishwa na mashamba ya mpunga wa umwagiliaji, migomba, na ukaribu na mabwawa ya kumwagilia na kufugia samaki. Kamerun, eneo la Bankim linalojulikana kwa ugonjwa huu liko kando ya bwawa la Mapé. Nchini Ghana wilaya za uchimbaji dhahabu ndizo zilizotajwa sana, ambako wachimbaji wadogo huacha mashimo yanayojaa maji yaliyotuama. Wapo watafiti walioshuku hata arseniki, kemikali yenye sumu, iliyomo kwenye maji ya maeneo hayo. Benin, vijiji vya mabondeni ndivyo vyenye wagonjwa wengi kuliko vya juu. Kinachojirudia kote ni maji yanayokwenda polepole au yaliyosimama, na watu wanaoyaingia kila siku.

Maelezo yaliyonivutia kuliko yote yalitoka Guyana ya Kifaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Watafiti walichota viumbe wa majini kutoka maeneo yenye msitu na maeneo yaliyofyekwa, wakatafuta bakteria ndani yao. Walichoeleza ni kwamba ufyekaji na kilimo hupunguza aina za viumbe wa majini: wanaokula viumbe wengine na wale wenye chakula maalumu hutoweka, na wanaobaki ni walaji wa chochote kilichopo. Hao wanaostahimili ndio waliokutwa na bakteria kwa wingi zaidi. Kwa maneno mengine, msitu hauzuii bakteria kwa kuwa na miti. Humpunguzia nafasi kwa kuwa na maisha mengi majini, ambamo makazi yanayomfaa ni machache. Ukivunja utando huo wa walaji na waliwao, unampa nyumba tele.

Ni maelezo mazuri, na inawezekana ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, yana mapengo ambayo mtu mkweli hawezi kuyafunika.

La kwanza, kupata alama za kinasaba za bakteria ndani ya mdudu si sawa na kumpata bakteria hai. Huyu hukua polepole mno, na kumwotesha maabara kutoka kwenye maji au tope kumewashinda wengi. Mara ya kwanza alipooteshwa kutoka kwa kiumbe wa mazingira ni mwaka 2008, naye ni mdudu wa majini kutoka Benin. Ramani nyingi za “mahali alipo” ni ramani za nyayo zake.

La pili linapinga moja kwa moja picha tuliyoizoea ya msitu kukatwa na ugonjwa kuibuka. Jenomu ya bakteria huyu, yaani jumla ya vinasaba vyake, iliyochapishwa mwaka 2007, inaonyesha kwamba amepoteza uwezo wa kutengeneza rangi inayomkinga dhidi ya mwanga. Ni bakteria wa gizani, anayependa joto la nyuzi 30 hadi 33 na mahali penye hewa kidogo. Basi kufungua kijito kwenye jua kali kungepaswa kumuumiza. Labda anajificha kwenye tope, kwenye mizizi au matumboni mwa wadudu, na huenda ndivyo ilivyo. Lakini hapo sentensi yetu inabadilika: jambo la kuuliza si kama miti imekatwa, bali maji yamebaki na kivuli gani, kina gani na kasi gani.

La tatu ni hesabu. Wagonjwa huhesabiwa pale penye mtu wa kuwahesabu. Barabara inayoletwa na mgodi au shamba kubwa huleta pia zahanati na gari la chanjo, na vidonda vilivyokuwa vikifichwa vijijini vinaingia kwenye daftari. Ongeza kwamba kati ya kuambukizwa na kuona dalili hupita, kwa wastani, miezi minne hadi mitano. Mtu aliyepata ugonjwa kwenye machimbo anaandikwa kijijini kwao, na ramani inakilaumu kijiji.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyolinganisha jenomu za bakteria kutoka nchi nyingi za Afrika. Iliona kwamba kila bonde la mto lina ukoo wake, kwamba bakteria aliingia barani zaidi ya mara moja, na kwamba kuenea kwake kunaangukia karibu na kipindi cha ukoloni. Waandishi wake wakamshuku binadamu mwenyewe: mgonjwa mwenye kidonda wazi akioga mtoni huyachafua maji, na akihamia kwenye mashamba mapya au machimboni huhama naye. Kama ni hivyo, ardhi ni njia tu, na chanzo ni kidonda ambacho hakikutibiwa.

Hoja hiyo ina kitu cha kuishikilia. Hadi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa likipokea taarifa za wagonjwa wapatao 5,000 kwa mwaka. Kufikia 2016 walikuwa wamepungua hadi chini ya 2,000. Katika miaka hiyo misitu ya Afrika Magharibi haikuacha kukatwa wala dhahabu haikuacha kuchimbwa. Kilichobadilika, kuanzia 2004, ni tiba: badala ya kumkata mgonjwa vipande vya nyama, sasa anapewa dawa za antibayotiki kwa wiki nane, rifampisini pamoja na klarithromaisini kwa utaratibu wa sasa. Wagonjwa walioacha kuwa na vidonda wazi waliacha pia kuchafua maji. Siwezi kusema hili ndilo lililopunguza ugonjwa peke yake, maana baada ya 2016 idadi ilipanda tena kwa miaka miwili, na visima vilichimbwa katika kipindi hichohicho. Lakini nadharia inayosema ufyekaji peke yake ndio injini ya ugonjwa inapaswa kueleza kwa nini injini iliendelea kunguruma huku wagonjwa wakipungua.

Kisha kuna Australia, ambayo huvuruga kila mpangilio. Katika jimbo la Victoria ugonjwa huu uko kwenye miji ya pwani na vitongoji vyenye bustani. Mwaka 2018 waliandikishwa wagonjwa 340 na mwaka 2023 wagonjwa 363. Huko kuna posamu, mnyama mdogo wa mitini anayebeba watoto mfukoni, ambaye huugua na kumwaga bakteria kwa wingi kwenye kinyesi chake, na mwaka 2024 watafiti walionyesha kwa ushahidi mzito kwamba mbu ndiye anayemfikisha kwa binadamu. Posamu hayupo Afrika, na mnyama anayeshika nafasi yake bado hajapatikana. Ila hata Victoria ardhi ina neno. Mlipuko wa kisiwa cha Phillip katika miaka ya 1990 ulizunguka kinamasi na uwanja wa gofu uliokuwa ukimwagiliwa kwa maji yaliyotumika tena, na ulififia baada ya mifereji na umwagiliaji kurekebishwa. Kitongoji chenye bustani na bonde la mpunga havifanani kwa lolote, isipokuwa mtu amepanga maji yasimame karibu na watu.

Hapo ndipo nasimama mimi. “Matumizi ya ardhi” si jambo moja linaloweza kupewa lawama moja. Shamba la mahindi la mlimani, skimu ya umwagiliaji, shimo la dhahabu na kiwanja cha gofu vyote huitwa hivyo, lakini kinachohusika na kidonda cha Buruli ni kitu chembamba zaidi: maji tuliyoyazuia au kuyatuamisha, na mwili ulio wazi unaoyaingia, pengine ukiwa na mchubuko. Ardhi hutengeneza makutano, na bado haijathibitika kwamba ndiyo inayomzalisha adui.

Tofauti hiyo inaamua nani abebe gharama. Ukisema kilimo cha bondeni ndicho chanzo, hatua inayofuata ni kuwazuia watu kulima bondeni, na wanaolima huko ni wale ambao ardhi ya juu imeshachukuliwa au imechoka. Nimeona ushauri wa afya unaosema tu “epuka maji machafu”, na kila mara unanihuzunisha, kwa sababu anayeambiwa hivyo hakuyachagua maji hayo. Ukisema tatizo ni makutano, yapo ya kufanya bila kumfukuza mtu. Utafiti wa Benin uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha uchimbaji wa visima na kupungua kwa ugonjwa. Ule wa Bankim, Kamerun, wa mwaka 2011, ulikuta kwamba wanaotunza vizuri majeraha yao na wanaolala ndani ya chandarua waliugua kidogo kuliko wenzao. Hivi ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvifanya huku akiendelea kulima.

Msimamo huu hauwaachilii wenye miradi mikubwa. Mkulima mmoja hazuii mto. Bwawa la umeme huuzuia. Mchimbaji mdogo huacha shimo kwa sababu hakuna anayemlazimisha kulifukia wala anayemlipa kulifukia, ilhali tajiri anayemnunulia dhahabu anajulikana. Walioshika fedha za bwawa, skimu au mgodi ndio wanaoweza kupanga kina cha mifereji, umbali wa makazi na ufukiaji wa mashimo kabla maji hayajaingia, na kwao neno “ardhi” lina maana ya maamuzi yenye saini.

Nao ndio wanaoweza kutuondoa kwenye ubishi huu wa miaka 60. Tatizo la tafiti nyingi ni kwamba zinalinganisha vijiji baada ya maji kujaa, wala hakuna aliyejua ngozi za watu zilikuwaje kabla. Mradi unaopima udongo kwa miaka miwili unaweza pia kumlipa mhudumu wa afya apite nyumba kwa nyumba akikagua mikono na miguu ya watoto, aandike alichokiona, amwanzishie dawa aliye na uvimbe usiouma, na arudi mwaka mmoja baada ya lango la bwawa kufungwa, akague tena watoto walewale.