Parachuti au mapanga: kipi kinashusha mzigo vizuri?

Kuna ubishi ambao watu wa ndege na roketi hawaumalizagi: kitu kikiwa juu hakina injini na unataka kishuke taratibu, ukifunge parachuti au ukipe mapanga yanayojizungusha yenyewe kama ya helikopta? Mi naona parachuti imeshinda kihalali kwenye mizigo mingi, ila upande wa mapanga unadharauliwa sana, kwa hiyo naanza nao.

Kata kile kihelikopta cha karatasi cha watoto, masikio mawili juu, moja likunje mbele lingine nyuma, chini bana na klipu, halafu kiachie ukiwa ghorofani. Mwanzo kinaporomoka tu kama jiwe, halafu ghafla kinashika mzunguko na ile spidi yote inakufa. Ongeza klipu ya pili uone, kinashuka fasta zaidi lakini na kuzunguka nako kunaongezeka. Hakuna mota hapo, ni hewa inayotoka chini kwenda juu ndiyo inayasukuma masikio, na masikio yakishazunguka yanaikata hewa kwa kasi kubwa kuliko ile ya kushuka, hapo ndo yanapata nguvu ya kunyanyua.

Mbegu ya maple, mti wa nchi za baridi, inafanya hivyo hivyo ikiwa na bawa moja tu, inashuka kama mita 1 kwa sekunde. Mwaka 2009 David Lentink na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba hewa inajikunja kimbunga kidogo juu ya ukingo wa mbele wa bawa, na hicho kimbunga hakibanduki, kinakaa palepale kinapunguza mgandamizo wa juu na bawa linanyonywa kwenda juu. Wadudu na popo nao wanatumia ujanja huo huo.

Sasa kwa vyombo vikubwa: rota (yaani mapanga yote pamoja) inayojizungusha inazuia mwendo karibu sawa na parachuti ya upana uleule, wakati mapanga yenyewe yanajaza asilimia chache tu ya lile duara! Na kwenye helikopta iliyozima injini kila panga limegawana kazi, kipande cha karibu na katikati hakina faida kubwa, cha kati ndicho kinasukuma mzunguko, cha nchani kinaburuzwa huku kikibeba uzito. Rubani akikaribia chini anainua pua, anavuta wenzo unaobadilisha pembe ya mapanga, ile nguvu iliyojaa kwenye mapanga anaitumia yote kwa mara moja na chombo kinatua polepole. Jean Boulet wa Ufaransa mwaka 1972 alipandisha helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442, injini ikazima hukohuko, akashuka mpaka chini kwa mapanga tu na akatua salama.

Parachuti ya duara haiwezi hiyo breki ya mwisho, inakufikisha chini na spidi ileile iliyokuja nayo. Ndo maana Soyuz, chombo cha Warusi cha kurudisha wanaanga, pamoja na parachuti lake kubwa lote lile, bado inawasha viroketi ikibaki chini ya mita moja kugusa ardhi.

Haya, mbona basi mapanga hayajatawala? Kwanza ukubwa wenyewe unayakataa. Ikuze mbegu mara 10 kila upande, uzito unakuwa mara 1,000 lakini duara la bawa mara 100 tu, kwa hiyo spidi ya kushuka inapanda zaidi ya mara 3. Kurefusha mapanga nako kunaleta uzito na bawaba, na lazima yaanze kuzunguka kabla hujaishiwa urefu wa kushukia, wakati parachuti unaikunja tu kwenye mfuko. Unaweza hata kufunga tatu, kama Apollo 15, chombo cha Wamarekani kilichotoka mwezini mwaka 1971, moja ilinywea na jamaa wakatua baharini kwa mbili zilizobaki. Sio kwamba parachuti haiui, mwanaanga wa Kisovieti Komarov alikufa kwenye Soyuz 1 mwaka 1967 parachuti ilipogoma kufunguka.

Waliojaribu njia ya mapanga hawakufika mbali. Waingereza wakati wa Vita vya Pili walitengeneza Rotachute ya kumshushia askari mmoja, haikuwahi kwenda vitani. Roton ya Marekani, roketi yenye mapanga juu, iliruka mara tatu za majaribio mwaka 1999 kule Mojave, marubani wakiona nje kwa shida, na kampuni ikaja kufunga.

Kwa mtazamo wangu kinachoamua hapa ni kama kuna mtu wa kuvuta ule wenzo mwishoni, hewa yenyewe haina upendeleo. Droni za kampuni ya Zipline zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu 2016 zinaangusha boksi na parachuti ya karatasi, sasa boksi la damu litavuta wenzo gani? Mapanga hapo ni gharama ya bure. Ila kwenye vitu vidogo kabisa mzunguko unarudi kushinda, Chuo cha Northwestern cha Marekani mwaka 2021 kilitoa visensa (vifaa vya kupima) vidogo mno vinavyozunguka kama mbegu, vile havihitaji breki maana vinashuka polepole tangu juu.

Kinachonipa wasiwasi ni hizi teksi za angani za umeme zenye mapanga madogo mengi. Nyingine mapanga yake hayabadilishi pembe na ni mepesi, hayabaki na nguvu ya maana ya kumwokoa rubani, kwa hiyo wanasema watafunga parachuti ya chombo kizima. Sawa, lakini parachuti inataka urefu ili ifunguke, na chombo kikiwa mita 20 juu ya paa la jengo kinajiandaa kutua, hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokusaidia.