Taji la Liverpool, Mvua ya Kisumu

Parokia nyingi za Kisumu, Kakamega na Bungoma zimefika mahali ambapo Misa ya Jumapili watu wanaisikilizia nje, chini ya hema. Kamati ya ujenzi ikiundwa, mjadala wa ukubwa huisha haraka. Unaogawa watu ni wa sura. Wapo wanaotaka ukumbi mrefu uliozoeleka. Wapo pia wanaokuja na picha ya kanisa la mviringo, altare katikati, na juu yake mnara wenye umbo la taji. Wengi wa wanaochora taji hilo wanafuata, kwa kujua au kutojua, Kanisa Kuu la Kristo Mfalme la Liverpool, Uingereza. Basi heri kulitazama lenyewe, kwa uzuri wake na kwa yaliyolipata.

Liverpool hawakuanza na mviringo. Mwaka 1933 walianza kujenga mchoro wa Edwin Lutyens, uliokuwa na kuba pana kuliko la Mtakatifu Petro kule Roma. Vita vya pili vya dunia vikasimamisha kazi mwaka 1941. Vilipoisha, makadirio yalikuwa yameruka kutoka pauni milioni 3 hadi milioni 27, na kilichomalizika ni kanisa la chini ya ardhi peke yake. Askofu Mkuu John Heenan akaitisha mashindano mapya ya wasanifu kwa masharti ambayo mweka hazina yeyote wa parokia angeyapigia makofi: gharama isizidi pauni milioni 1, kazi ichukue miaka 5 hivi, na kila muumini aione altare. Frederick Gibberd alishinda mwaka 1960. Ujenzi ulianza Oktoba 1962, na kanisa likatabarukiwa tarehe 14 Mei 1967.

Ukitazama mifupa yake utaona kwa nini linavutia. Fremu 16 za konkriti zilizopinda kama kiwiko zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha mita 59 hivi. Boriti za mviringo zimezifunga pamoja, na juu yake umekaa mnara wa vioo vya rangi, kazi ya John Piper na Patrick Reyntiens, wenye uzito wa tani 2,000 hivi. Mzigo wote unashuka kwa fremu hizo, kwa hiyo katikati hakuna nguzo hata moja ya kumkinga mtu.

Hapo ndipo wapenzi wa mviringo wana hoja nzito. Piga hesabu ya watu 2,000 kwa nafasi ya mita mraba 0.7 kila mmoja, njia zikiwemo: unapata mita mraba 1,400. Ukiziweka katika ukumbi wa upana wa mita 18, urefu unakaribia mita 78, na aliyekaa nyuma anamwona padre mdogo kama kidole. Kwenye duara la Liverpool hakuna anayefikia mita 30 kutoka altare. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipotoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, ukataka waumini washiriki kikamilifu badala ya kutazama tu, kuta za Liverpool zilikuwa tayari zinapanda. Mchoro uliiwahi hati, nasi tunaona wazo hilo halijazeeka.

Matatizo ni ya namna mbalimbali, na mengine ni madogo. Padre akisimama katikati, lazima awape mgongo baadhi ya watu. Msafara wa vipaji, ambao huku kwetu huchezwa kuanzia mlangoni, unahitaji njia ndefu. Kwenye duara wachezaji wanafika altareni kabla kayamba hazijachangamka. Ukuta wa mviringo nao hukusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja. Sauti iliyozunguka mita 17 zaidi ya ile ya moja kwa moja husikika kama mwangwi, na kwenye kipenyo cha mita 59 umbali huo unapitwa kwa urahisi. Haya yote yana dawa: nusu duara badala ya duara zima, kuta zilizovunjwavunjwa kwa vikanisa vya pembeni, spika ndogo nyingi badala ya mbili kubwa.

Paa ndilo lililoleta kesi. Liverpool ilifunikwa kwa alumini, na fremu zikabandikwa vigae vidogo vya mozaiki. Paa likavuja, vigae vikabanduka, na mwishowe mozaiki ikabadilishwa kwa ganda la plastiki lenye nyuzi za kioo, lililozifanya fremu zionekane nene kuliko zilivyochorwa. Jimbo likamshtaki Gibberd likidai pauni milioni 1.3, yaani zaidi ya kile kikomo cha gharama kilichowekwa mwanzoni.

Fizikia yenyewe si ngumu. Bati la alumini la mita 10 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka milimita 9 hivi. Konkriti ya urefu huo hurefuka milimita 4, tena polepole. Mahali viwili hivi vinapokutana, gundi na lami huvutwa kila siku hadi zinapasuka. Kisumu hakuna barafu ya Uingereza, lakini jua la saa nane linalokatizwa ghafla na mvua kutoka ziwani linafanya kazi ileile. Bati la chuma, milimita 5 hivi kwa vipimo hivyohivyo, linaendana na konkriti vizuri zaidi.

Ongeza wingi wa maji. Duara la mita 59 lina eneo la mita mraba 2,700 hivi. Mvua ya milimita 50 kwa saa inalimwagia lita 135,000, na kila kipande cha paa kati ya fremu 16 kinapokea zaidi ya lita 8,000. Kama gata zimefichwa ndani ya ukuta ili taji lionekane safi, majani ya mwembe mmoja yanatosha kuyageuza maji yaingie kanisani. Gata za nje na paa lililotoka mita moja kupita ukuta hazipendezi kwenye picha, ila zikiziba fundi anaziona akiwa chini.

Wapenzi wa ukumbi mrefu wasicheke mapema. Bati tupu likipigwa na mvua, mahubiri yamekwisha, na adhuhuri joto lake linawashukia watu kichwani. Bila dari yenye tabaka la kuzuia joto na kelele, unafuu wao ni wa kwenye karatasi.

Hoja yao ya nguvu ni nyingine, na haisemwi sana: harambee. Ukumbi mrefu unajengwa kipande kwa kipande. Unaezeka fremu nne, unasali, mwaka ujao unaongeza mbili. Taji halina nusu. Fremu zake zinategemeana kupitia ile boriti ya mviringo, na mpaka iungane, zinashikiliwa na jukwaa la ujenzi linalolipiwa kodi kila mwezi. Pesa zikikatika hapo, nondo zilizoachwa wazi zinakula kutu, na kazi ikirudi lazima zisuguliwe au zikatwe.

Lakini ukuu na uchache wa pesa vinaweza kukaa pamoja. Herbert Vaughan, aliyeanzisha mwaka 1866 shirika la Mill Hill ambalo mapadre wake walieneza Ukatoliki Nyanza na Magharibi, ndiye aliyeanzisha pia Kanisa Kuu la Westminster, London, mwaka 1895. Msanifu John Francis Bentley alichora gamba la matofali limalizwe kwanza, mapambo yafuate kadiri vizazi vitakavyoweza. Hadi leo sehemu za juu ndani ni matofali meusi matupu, na ibada haikuwahi kuyasubiri.

Sisi tungechukua mpango wa kukaa wa Liverpool na mpangilio wa matumizi wa Westminster: viti kwa nusu duara, paa la mteremko lenye fremu za chuma za upana wa mita 24 hadi 30, na mnara uachwe hadi deni liishe. Anayetaka taji kamili aje na pesa zote za mifupa na paa kabla ya kuchimba, na fungu la kila mwaka la kusafisha na kukagua viungo.

Hata hivyo, udongo unaweza kuukata mjadala kabla ya kura. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ukumbi mrefu ukizama upande mmoja, unaweza kupata ufa kwenye kiungo kilichoachwa makusudi na ukaendelea kutumika. Mguu mmoja kati ya 16 ukizama, boriti yote ya mviringo inajipinda, na vioo vya juu ndivyo vya kwanza kupasuka. Kwa hiyo mashimo ya kupima udongo yachimbwe penye kila mguu, si moja katikati ya kiwanja, na ripoti yake isomwe kabla ya mchoro wa rangi kubandikwa ubaoni.