Jibini na Muziki

Mwaka wangu wa kujitolea Ujerumani niliutumikia kwenye nyumba ya wazee, mji mdogo jirani na Frankfurt. Kazi yangu kusukuma viti vya magurudumu, kugawa kahawa, na kusaka meno ya bandia kwenye mifuko ya makoti. Chakula nilishakizoea: leo viazi, kesho viazi, keshokutwa viazi vimebadilishiwa nguo. Mimi mtoto wa Machame bwana, nimekua kwa mtori na kisusio. Mtu aliyekunywa supu ya damu ya mbuzi kabla hajaota magego hatishwi na kiazi.

Jumamosi moja ya Oktoba tukawatoa wazee sita matembezi hadi Sachsenhausen, ng'ambo ya mto Main, kwenye vilabu vya zamani vya pombe ya matufaha. Pombe yenyewe huletwa kwenye jagi la udongo la kijivu lenye michoro ya buluu, wao huliita bembel. Nilipoonja, nikasikia nyumbani: ni mbege iliyosahauliwa ndizi.

Nilikaa na mzee mmoja wa miaka tisini na ushei, ambaye nilimwita Babu, naye akaridhia. Masikio yake mazito, na kifaa chake cha kusikia hukaa mfukoni, hasa mchungaji akianza kuhubiri. Nikafungua orodha ya vyakula, macho yakatua hapa: Handkäs mit Musik. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi minne, lakini hapo kilitosha. Hand ni mkono. Käs ni jibini. Mit Musik, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wana utu! Jibini ya kula kwa mkono, na bendi juu.

Nikaagiza. Babu akanitazama, akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaagiza na yake.

Ikaja. Kitu cha mviringo, cha manjano, kinateleza na kung'aa kama sabuni ya mche iliyolowa, kimeogelea kwenye siki na mafuta, kimezikwa chini ya vitunguu vibichi, juu yake vijimbegu vya kahawia. Harufu yake? Soksi za kiranja aliyetoka mchakamchaka. Pembeni kisu, mkate na siagi. Uma hakuna. Si nilisema? Nikaenda kunawa, nikakunja mikono ya shati, nikavipangusa vile vijimbegu pembeni nikijua ni takataka za ghalani, nikamega.

Jibini ikanitoroka. Iliponyoka vidoleni kama kambale, ikapiga mwamba kwenye bembel, ikatua kifuani kwa Babu, kwenye tai. Meza ya jirani ikanyamaza. Mhudumu akaleta karatasi za kujifutia, si moja, bunda zima. Babu akaidonoa jibini kwenye tai yake kwa ncha ya kisu na kunielewesha taratibu: mkono unaotajwa ni wa mtengenezaji, maana zamani waliifinyanga kwa viganja. Wewe mlaji unakata kwa kisu, unaweka kwenye mkate. Uma hauna kazi hapo.

Sawa. Na muziki je? Nilishageuza kiti kuelekea mlangoni, simu mkononi, nimrekodie mama. Akaingia mtu na begi refu jeusi, nikaanza kupiga makofi. Akapita moja kwa moja kwenda msalani. Nikamwita mhudumu: "Samahani dada, muziki uko wapi?"

"Unakuja baadaye," akajibu, na kilabu kizima kikaangua kicheko.

Nikangoja. Kwa kungoja nikamaliza sahani yangu, na vitunguu vyote, halafu nusu ya sahani ya Babu, maana mama alinifundisha kuwa chakula cha ugenini hakibakizwi. Ikapita saa moja na nusu, bendi haijatokea. Nikarudi nimenuna kidogo.

Usiku tumbo likaanza kuhamisha samani.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kuwapeleka wazee ibadani. Nikasimama nyuma ya kiti cha Babu, miguu nimeibana kama askari wa gwaride, jasho linanitiririka na nje kuna baridi. Siku hiyo binti yake alikuja kumtembelea, kwa hiyo kifaa kilikuwa sikioni. Mchungaji akasema, tunyamaze sasa kwa sala ya kimya. Na Wajerumani wakinyamaza wamenyamaza. Hakuna hata wa kukohoa.

Niliomba. Mungu ni shahidi, niliomba kuliko wote mle ndani.

Ilianza besi. Ikafuata filimbi, nyembamba, ndefu, kama birika kwenye jiko la mkaa.

"Muziki huo!" Babu akapaza sauti, akanyoosha kidole juu kwa furaha. "Umefika!"

Mama wa kinanda, aliyekuwa kasinzia, alisikia neno moja tu: muziki. Akashtuka, akatua na vidole vyote kumi, akaporomosha wimbo wa kufungia ibada. Wazee wanaoweza kusimama wakasimama. Mchungaji akafumbua macho, akatazama saa, akatoa baraka. Watu kadhaa walikuja kunishika mkono kwa shukrani, maana siku hiyo supu waliikuta ya moto.

Korido nzima muuguzi alinicheka huku akinieleza. Muziki ni vitunguu vibichi, ndivyo watu wa Hessen, jimbo la huku, wanavyotania. Na vile vijimbegu nilivyotupa vilikuwa kiungo, kisibiti, vinawekwa makusudi kutuliza tumbo.

Jioni mama akapiga simu. "Mwanangu, huko wanakulisha nini?"

"Jibini, mama. Na muziki."

"Afadhali," akasema. "Nilidhani unakaa mpweke."