Paa Likikataa, Uwanja Upo

Katika miji yetu ya pwani, wazo la kuweka sola nyumbani limefungamana na wazo la kupanda juu ya paa kiasi kwamba mwenye nyumba akiambiwa paa lake halifai, huona shauri zima limekwisha, akarudi kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, na kuweka mishumaa kabatini. Nami niliwahi kufikiri hivyo. Leo nashikilia maoni tofauti: kwa nyumba ya chini yenye uwanja, katika nchi iliyo karibu na ikweta kama yetu, uwanja ndio unaopaswa kuangaliwa kwanza, hata pale ambapo paa halina kasoro yoyote, na shilingi ya kwanza inapaswa kwenda kwenye chuma na zege kabla haijaenda kwenye paneli.

Nyumba iliyonifundisha hayo ni ya mama yangu, huko Bagamoyo. Sehemu ya mbele imeezekwa kwa mabati ya geji 30, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.3 tu, yaliyopigiliwa miaka mingi iliyopita juu ya papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, ambazo baadhi yake zimekwisha kuliwa na mchwa. Jiko la nyuma limeezekwa kwa makuti. Upande wa kaskazini umesimama mwembe mkubwa uliopandwa na babu, na mama alikwisha kutamka, kabla hata hatujamuuliza, kwamba anayetaka kuukata asubiri kwanza yeye azikwe. Fundi wa kwanza tuliyemwita alipanda asubuhi, akatoboa matundu kumi na moja, akagundua kwamba skrubu hazishiki kwa sababu mbao zimekuwa unga, akayaziba matundu kwa silikoni na kushuka akisema paa linahitaji kenchi mpya. Masika ilipoingia, sebuleni palipangwa ndoo tatu. Simlaumu peke yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwisha kununua paneli nne kabla ya mtu yeyote kupanda dari na kuzigonga zile mbao.

Watu wengi wakiulizwa kama paa lao litahimili paneli hufikiria uzito, ilhali uzito si tatizo kubwa. Paneli moja ya wati 400 ina eneo linalokaribia mita 2 za mraba na uzito wa kilo 20 na kidogo, kwa hiyo nne hazifiki kilo 100, mzigo ambao mafundi wawili wakisimama juu ya bati huuzidi kwa urahisi. Kinachong'oa paa ni upepo. Paneli iliyoinuliwa juu ya bati ni tanga lililofungwa kwenye mlingoti, na kila mvuvi anajua tanga likijaa hufanya nini. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 55. Kwa paneli nne hiyo ni zaidi ya kilo 400, nazo hazikandamizi chini bali zaweza kuvuta juu, zikitegemea skrubu chache na papi zilizooza. Kimbunga Hidaya kilipotua Kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, sisi wa pwani tuliokuwa tumezoea kuamini kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska tulilazimika kuyatazama mapaa yetu kwa jicho jingine.

Kuhusu makuti sina maneno mengi. Hayana mahali pa kushika skrubu, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na waya uliolegea ukitoa cheche juu yake hakuna atakayewahi kuuzima moto. Anayetaka umeme wa jua katika nyumba ya makuti aziweke paneli mbali nayo.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni kivuli. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, moja ikimpokeza mwenzake umeme, na kivuli cha tawi moja kikilala juu ya seli chache, sehemu kubwa ya paneli hudhoofika, si zile seli peke yake. Kwa hiyo haitoshi kutazama uwanja siku moja na kusema hapa pana jua. Bagamoyo iko karibu nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta, na maana yake ni kwamba mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini, na mwezi Desemba jua huhamia kusini na vivuli hugeuka. Mwembe wa mita 12 hutupa kivuli cha karibu mita 7 upande wa kusini adhuhuri ya Juni, na cha chini ya mita 4 upande wa kaskazini adhuhuri ya Desemba. Asubuhi na alasiri hali ni nzito zaidi, kwani karibu saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri kivuli hulingana na urefu wa mti wenyewe au huuzidi. Mama hakuhitaji hesabu zangu hata kidogo. Alichukua fimbo akaichomeka uwanjani, kama alivyomwona baba yake akipima wakati wa Swala ya Alasiri kabla saa za ukutani hazijawa nyingi, akanionyesha kwamba kona ya mashariki, pale wanapoanika nazi, ndiyo iliyokuwa na jua tangu asubuhi hadi kivuli cha fimbo kilipopita urefu wake. Hapo ndipo tulipochimba.

Tulichojenga ni kibanda kisicho na kuta. Nguzo nne za bomba la chuma la mraba zilisimikwa katika zege lenye kina cha sentimita 80, zikaunganishwa juu kwa fremu iliyochomelewa, na paneli nne zikalala juu yake zikielekea kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 12. Kwa mahali tulipo, mwinamo mkubwa zaidi hauna faida. Mdogo zaidi huacha vumbi na kinyesi cha ndege kikigandamana, kwa sababu maji ya mvua hayateremki kwa nguvu ya kutosha kuosha. Fremu iko juu ya kimo cha mtu, kwa hiyo mbuzi hawapandi, majani hayafuniki, na chini yake mama amepata mahali pa kukunia nazi bila kuchomwa na jua. Lazima niseme ukweli kwamba chuma, zege na ujira wa kuchomelea vilinigharimu zaidi ya paneli zenyewe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kulitazama paa. Lakini paa bovu nalo lina gharama yake, ila bei yake husomwa baadaye, ndani ya ndoo.

Kuna faida ambayo muuzaji hakunitajia. Wati 400 zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi moja inayoongezeka huondoa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu hiyo. Paneli iliyolazwa karibu kabisa na bati, mchana wa Januari, haipati hewa chini yake na yaweza kupita nyuzi 60. Iliyo wazi uwanjani hupulizwa na upepo wa bahari pande zote mbili na hubaki na ubaridi kiasi. Juu ya hayo, kuisafisha ni kazi ya kitambaa, ndoo na kigoda, wala hakuna kijana anayehatarisha shingo yake juu ya bati linaloteleza.

Uwanja una shida zake, na ya kwanza ni waya. Kutoka kibandani hadi chumba chenye betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kutumiwa na vyombo vya nyumbani, ni mita 25, yaani mita 50 za shaba kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 4 za mraba, paneli nne zikiunganishwa sambamba, kila moja ikimwaga umeme wake kwenye waya uleule, zingetoa karibu ampea 52 kwa volti 31, na zaidi ya theluthi moja ya umeme ingepotea njiani ikigeuka joto ambalo waya wenyewe haukutengenezwa kulivumilia. Paneli zilezile zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa ampea 13 kwa volti 124, na kinachopotea hakifiki asilimia 3. Hiyo ndiyo njia tuliyofuata, baada ya kuhakikisha kwamba chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, inakubali volti zinazokaribia 150, kwa kuwa paneli isiyobeba mzigo hupanda juu ya volti zake za kazi. Volti kama hizo za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, zinaua, hivyo waya umepita ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa nusu mita chini, una swichi ya kukatia pande zote mbili, na fremu nzima imefungwa kwenye athi, waya unaopeleka umeme uliopotea njia ardhini. Kazi hii si ya kujifunzia.

Shida ya pili ni mwizi. Tulichomelea kofia juu ya nati na kuweka taa inayowaka mtu akipita, lakini ninachokitegemea zaidi ni kwamba kibanda kinaonekana kutoka dirisha la mama, ambaye halali kabla ya saa sita usiku. Shida ya tatu ni chumvi: fremu ilipakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kila mwaka nitalazimika kuikwangua pale kutu inapochungulia.

Wasio na uwanja wana haki ya kuuliza maoni haya yanawahusu vipi. Rafiki yangu anayepanga ghorofa ya tano Kariakoo alinitumia video kutoka Ujerumani, ambako wapangaji hutundika paneli kwenye ukingo wa roshani na kuchomeka waya kwenye soketi, na sheria ya mwaka 2024 imewaruhusu kutumia inveta ya hadi wati 800. Nilimjibu kwamba jua la kule hukaa chini kuliko la kwetu, na hasa majira ya baridi hukutana na paneli iliyosimama karibu uso kwa uso. Dar es Salaam, paneli iliyosimama wima ikielekea kaskazini hupata adhuhuri ya Juni karibu nusu tu ya miale ambayo ingeipata kama ingelielekea jua moja kwa moja, na adhuhuri ya Desemba haipati mwale hata mmoja wa moja kwa moja kwa sababu jua liko mgongoni mwake. Kuunganisha inveta na gridi bila idhini ya TANESCO, shirika letu la umeme, ni jambo jingine la kuhatarisha maisha ya watu. Kwa mpangaji kama yeye, ninavyoona mimi, betri nzuri na inveta inayochajiwa umeme ukiwapo itamwondolea giza la mgao kwa gharama ndogo kuliko paneli inayotazama ukuta wa jirani. Haitapunguza matumizi yake ya LUKU, na ni vema alijue hilo kabla ya kulipa.

Wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wana jambo la ziada: kabla ya kumwita fundi wabishe hodi kwanza katika ofisi ya mamlaka inayosimamia uhifadhi wa mji, kwa sababu kule hata paa lisilo na kasoro si la mwenye nyumba peke yake.

Kule Bagamoyo, siku ya jua zuri, kibanda hutoa takriban uniti 5 hadi 6, zinazotosha friji, feni mbili, televisheni na taa zote, na ziada ambayo mama hugawia simu za majirani. Paa lenyewe bado linavuja. Baada ya vuli tutaezua upande wote wa mbele, tubadilishe papi na kuweka bati la geji 28, na kwa muda wote ambao nyumba itakuwa wazi mafundi watachomeka mashine zao kwenye umeme wa uwanjani, bila mtu yeyote kugusa paneli hata moja.